Kitini cha Falsafa ya Kigiriki kwenye Steshenari za Moshi: Kinafaa Wapi, Kinapotosha Wapi

Ukiuliza kitini cha falsafa ya Kigiriki kwenye steshenari za Moshi mjini, kati ya stendi kuu na mnara wa saa, mara nyingi utapewa kile chenye jalada la kijani: kurasa 118 za A4, kimebanwa kwa spairo, shilingi 9,000. Arusha kinauzwa 10,000. Ukisema utoe kopi mwenyewe kwa shilingi 100 kila ukurasa utavuka hapo, kwa hiyo bei haina ubaya. Wanaokinunua zaidi ni mafrateri wanaoanza falsafa seminari ya Kibosho na kwingineko, wanafunzi wa vyuo, na walimu wa dini wa sekondari. Hakina jina la mwandishi wala mwaka, ila Kiswahili chake ni safi na kinasomeka bila kushika kamusi.

Ushauri wetu: kinunue, lakini ujue kwamba ndani yake mna vitini viwili. Kimoja kinaonyesha jinsi mtu fulani alivyofikia anachokisema, hatua kwa hatua, na hicho kinashinda vitabu vingi vya bei kubwa. Kingine ni orodha ya majibu ya swali kwamba vitu vyote vimetokana na nini: Thales maji, Anaximenes hewa, Heraclitus moto. Ukiikariri orodha hiyo hujaanza kusoma falsafa. Jibu la Thales lilikwisha kuachwa na mwanafunzi wake mwenyewe. Kilichodumu miaka 2,600 ni desturi ya kutoa sababu na kukubali kupingwa, na kitini kinapoisahau desturi hiyo ndipo kinapokosea, karibu kila mara.

Sura ya Miletus

Kurasa 9 hadi 27 ndizo bora. Miletus ilikuwa bandari ya Wagiriki katika pwani ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Mchanga wa mto Maeander umejaza ghuba yake, na magofu yake sasa yako mbali na bahari. Mwandishi anaeleza kwa utulivu kwa nini mambo yalianzia huko. Mji uliishi kwa biashara na ulikuwa na makoloni hadi Bahari Nyeusi. Wagiriki walikuwa wamepokea herufi kutoka kwa Wafoinike na habari za nyota kutoka Babeli. Hawakuwa na tabaka la makuhani wenye kauli ya mwisho juu ya asili ya ulimwengu. Katika miji yao watu walizoea kubishana hadharani kuhusu sheria, na mazoea hayo yakahamia kwenye maswali ya mbingu na nchi. Kitini hakisemi kwamba biashara peke yake ilizaa falsafa, na ni sawa, maana Wafoinike nao walikuwa wafanyabiashara wakubwa.

Kisha kinafanya jambo ambalo vitini vingi havifanyi: kinawaweka wale watatu wa Miletus kwenye mabishano. Thales anasema dunia inaelea juu ya maji. Swali linalofuata ni jepesi na linaua: maji yenyewe yamekaa juu ya nini? Anaximander anajibu kwamba dunia haijakaa juu ya kitu chochote. Iko katikati, umbali wake kutoka pande zote ni sawa, na kwa kuwa hakuna sababu ya kwenda upande huu kuliko ule, inabaki ilipo. Hoja hiyo haitegemei macho hata kidogo. Inategemea wazo kwamba kila jambo lazima liwe na sababu. Anaximander pia anakataa maji kuwa chanzo cha vyote, kwa kuwa maji na moto ni maadui: kimoja kingekuwa bila mpaka, kingekuwa kimekwisha kukimaliza kingine. Chanzo basi ni kitu kisicho na mpaka wala sifa maalumu. Anaximenes naye anauliza hicho kisicho na sifa kinageukaje kuwa mawe na mawingu. Yeye anataja hewa, na anataja pia njia: ikilegea inakuwa moto, ikibanwa inakuwa upepo, wingu, maji, udongo, jiwe.

Ukurasa wa 22 una jaribio ambalo darasa zima linaweza kulifanya bila gharama. Weka kiganja mbele ya mdomo. Puliza huku umebana midomo: pumzi ni ya baridi. Sasa fungua mdomo wazi utoe pumzi polepole: ni ya joto. Anaximenes alichukua hilo kuwa ushahidi kwamba kubana huleta baridi na kulegeza huleta joto. Kitini kinaishia hapo, na ndipo utamu wote unapokatwa. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa baadaye aliyetuhifadhia jaribio hili, ameandika pia pingamizi analolihusisha na Aristotle: ukifungua mdomo unatoa hewa ya ndani yako, ambayo ni ya moto, lakini ukibana midomo unasukuma hewa ya nje iliyo mbele ya mdomo, ambayo ni ya baridi. Pingamizi hilo liko karibu sana na maelezo ya leo, kwamba mkondo wa kasi unavuta hewa ya pembeni na kuchanganyika nayo. Mwalimu aliongeze kwa kalamu chini ya ukurasa. Wanafunzi wataona nadharia, ushahidi na pingamizi ndani ya dakika tano, kwa viganja vyao wenyewe.

Dosari za sura hii ni mbili. Ukurasa wa 12 unasema Thales alitabiri siku na saa ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 28 Mei 585 KK. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki ambaye ndiye chanzo cha habari hiyo, anasema Thales alitaja mwaka tu. Ya pili ni kisa cha zeituni. Kitini kinasema Thales alikodi mashamba. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, anasema alikodi mashinikizo ya kukamulia zeituni, ya Miletus na ya Chios, wakati wa baridi ambapo hakuna aliyeshindana naye kwa bei. Mavuno yalipofika, kila mwenye zeituni alilazimika kupita kwake. Tofauti ni kubwa. Mwenye shamba hubeba hasara mazao yakifa, lakini mwenye mashinikizo yote huwa ameshika soko. Kwa mwanafunzi wa Kilimanjaro ni kama mtu mmoja kukodi mapema mashine zote za kukoboa kahawa za wilaya nzima. Aristotle anakitaja kisa hiki kama mfano wa kuhodhi soko, na kwa shamba mfano wenyewe hausimami.

Misri, na aya ya kufuta

Kurasa 31 hadi 36 zinajibu swali linaloulizwa katika kila darasa la falsafa Afrika: Wagiriki waliiba Misri? Kitini kinajibu ndiyo, na ushahidi wake mkuu ni kwamba Aristotle alichukua vitabu vya maktaba ya Alexandria akaviwekea jina lake. Miaka inakataa. Mji wa Alexandria ulianzishwa mwaka 331 KK. Wakati huo Aristotle alikuwa Athens akifundisha Lyceum, shule aliyoifungua mwaka 335 KK, na alifariki Chalcis mwaka 322 KK. Maktaba ilianzishwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemy baada ya kifo chake.

Inauma kuona hoja dhaifu hivi ikiwekwa mbele, kwa sababu deni la kweli lipo na Wagiriki wenyewe waliliandika. Herodotus anasema jiometri ilitoka Misri, kwenye kupima upya mashamba yaliyomegwa na mto Nile. Aristotle anasema hisabati ilianzia Misri kwa sababu makuhani wa huko walikuwa na wasaa. Mafunjo ya Rhind, hati ya hesabu ya Misri iliyonakiliwa karibu mwaka 1550 KK, yanatafuta eneo la duara hivi: chukua kipenyo, ondoa sehemu moja ya tisa, zidisha kinachobaki kwa chenyewe. Kipenyo cha 9 kinatoa 64, na hesabu ya leo inatoa karibu 63.6. Nayo kanuni ya pembetatu yenye jina la Pythagoras ilijulikana Babeli zaidi ya miaka 1,000 kabla Pythagoras hajazaliwa.

Walichoongeza Wagiriki ni kudai uthibitisho. Mwandishi wa mafunjo anaonyesha namna ya kupata jibu sahihi kwa shamba hili na ghala lile. Mgiriki anauliza kwa nini lazima iwe hivyo kwa kila pembetatu, hata ambayo haijachorwa. Futa aya ya maktaba, weka hesabu ya Rhind mahali pake, na sura itasimama.

Zeno wawili

Ukurasa wa 44 unasema Zeno, mwanafunzi wa Parmenides, ndiye aliyeanzisha shule ya falsafa ya Ustoa. Hao ni watu wawili. Zeno wa Elea, kusini mwa Italia, aliishi karne ya 5 KK na ndiye mwenye kitendawili cha Achilles na kobe. Zeno wa Citium, kisiwani Kupro, alianza kufundisha Athens karibu mwaka 300 KK kwenye baraza lililochorwa picha, na wafuasi wake wakaitwa kwa jina la baraza hilo. Kosa hili likiingia kwenye mtihani linaondoka na alama, maana mwanafunzi atamtafutia Parmenides mawazo ya Wastoa asiyapate.

Kitendawili chenyewe kimeelezwa kwa mistari mitatu, kisha kikafungwa kwa sentensi kwamba Zeno hakujua hesabu. Si haki. Chukua Achilles anayekimbia meta 10 kwa sekunde, na kobe wa meta 1 kwa sekunde aliyetangulia meta 100. Achilles akimaliza meta 100, kobe ameongeza 10. Akimaliza hizo 10, kobe ameongeza 1. Akimaliza hiyo, kobe ameongeza 0.1, na kuendelea bila kikomo, kwa hiyo, asema Zeno, hamfikii kamwe. Hesabu ya leo inajumlisha 100 + 10 + 1 + 0.1 na zote zinazofuata, inapata meta 111.11, yaani 1,000 gawanya kwa 9, ndani ya sekunde 11.11. Jumla imepatikana, lakini Zeno aliuliza jambo lingine: mtu anawezaje kumaliza vitendo visivyo na mwisho? Aristotle alijibu kwamba njia inaweza kugawanywa bila kikomo, ila haijagawanywa. Vipande hivyo visivyohesabika vipo kama uwezekano, na Achilles hakanyagi kila kimoja kama hatua ya pekee. Mtu anaweza kuridhika na jibu hilo au asiridhike, lakini mwanafunzi anastahili kulisikia.

Socrates na pango

Sura ya Socrates (kurasa 52 hadi 63) inarudi kwenye ubora. Inaeleza wazi kwamba hakuandika kitu, na kwamba tunamjua kupitia Plato, Xenophon na kejeli za Aristophanes, ambao hawakubaliani. Mwaka wa hukumu yake ya kifo, 399 KK, uko sawa. Idadi ya kura imetajwa kama jambo lisilo na shaka: 280 kwa 220. Plato anachosema ni kwamba kura 30 tu zingehama, angeachiwa. Namba nyingine zote ni hesabu za wasomi kutokana na sentensi hiyo, nazo zinategemea kama mahakama ilikuwa na wapiga kura 500 au 501. Vilevile ile kauli maarufu kwamba anajua kuwa hajui kitu imewekwa kwenye alama za kunukuu. Katika utetezi wake Socrates anasema jambo la kiasi zaidi: asichokijua hadhani kwamba anakijua.

Sehemu ya kuthaminiwa ni ukurasa wa 57, unaopitia mazungumzo na Euthyphro. Euthyphro anampeleka mahakamani baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua, na anajiamini kwamba anajua uchaji ni nini. Kitini kinaweka hatua zote. Anasema uchaji ni kile kinachopendwa na miungu. Socrates anamfanya akubali kwamba miungu hugombana, kwa hiyo kitu kilekile kitapendwa na huyu na kuchukiwa na yule. Euthyphro anarekebisha: ni kile kinachopendwa na miungu wote. Hapo linakuja swali la 10a: kinapendwa kwa kuwa ni cha uchaji, au ni cha uchaji kwa kuwa kinapendwa? Ukichukua la kwanza, hujasema bado uchaji ni nini. Ukichukua la pili, wema umekuwa suala la kupenda tu. Waweke mafrateri wa mwaka wa kwanza mbele ya swali hilo, ukibadilisha miungu kwa Mungu mmoja, na kipindi cha saa mbili hakitatosha. Tunapendekeza ukurasa huu usomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja akiwa Socrates, na wasimame kila Euthyphro anapokubali jambo ili darasa liseme kama lingekubali.

Hiyo namba 10a inahitaji maelezo ambayo kitini hakitoi. Maandishi ya Plato hunukuliwa kwa namba za kurasa za chapa ya mwaka 1578, na ya Aristotle kwa chapa ya Berlin iliyoanza mwaka 1831. Namba hizo ziko pembeni mwa karibu kila tafsiri nzuri, ya lugha yoyote. Kitini kinanukuu kwa ukurasa wa kitabu fulani cha Kiingereza ambacho mnunuzi hana wala hatakipata Moshi. Andika mwenyewe pembeni: Euthyphro 2a hadi 16a, utetezi wa Socrates 17a hadi 42a, pango (katika Jamhuri ya Plato) kuanzia 514a. Ukifika maktaba utapata sehemu hiyo mara moja, hata kama kitabu ni cha chapa tofauti.

Sasa ukurasa wa 71, mchoro wa pango, yaani mfano wa Plato wa wafungwa wanaodhani vivuli vya ukutani ndio ukweli. Katika nakala nyingi umekuwa doa jeusi, kwa sababu umetolewa kopi ya kopi. Hata ulipotoka vizuri, umekosewa: moto umewekwa mbele ya wafungwa, kati yao na ukuta. Kwa mpangilio huo hakuna kivuli cha vitu vinavyobebwa kitakachoangukia ukuta wanaoutazama. Chora upya, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwanza ukuta wa mwisho wa pango. Kisha wafungwa, wamefungwa miguu na shingo, nyuso zikielekea ukuta. Nyuma yao kikuta kifupi kama cha wachezesha vikaragosi. Nyuma ya kikuta, njia ya watu wanaobeba sanamu za watu na wanyama, zikitokeza juu ya kikuta. Nyuma zaidi na juu, moto. Mwisho kabisa, mwinuko mrefu kuelekea mdomo wa pango na mwanga wa jua. Ona matokeo yake: wabebaji wenyewe wamefichwa na kikuta, kwa hiyo wafungwa wanaona vivuli vya sanamu, na sanamu nazo ni nakala za vitu vya nje. Kuna ngazi mbili za umbali kutoka kwenye ukweli kabla mtu hajatoka pangoni. Mchoro ukikosewa ngazi moja inapotea, na mwanafunzi hataelewa kwa nini Plato anasema aliyefunguliwa anapitia hatua kadhaa, macho yakimuuma kila hatua.

Ukurasa wa 78 unasema Akademia ya Plato ilidumu miaka 900 bila kukatika, hadi Justinian, mfalme wa Roma ya Mashariki, alipoifunga mwaka 529 BK. Plato aliianzisha karibu mwaka 387 KK, lakini iliharibiwa wakati Sulla, jemadari wa Roma, alipoizingira Athens mwaka 86 KK. Shule iliyoguswa na amri ya 529 ilikuwa ya Waplato wa baadaye sana waliojiona warithi wake.

Mantiki: usiyaamini majibu ya nyuma

Kurasa 84 hadi 92 ndizo zinazonunuliwa kwa ajili ya mtihani, na ndizo zenye hatari kubwa. Maelezo ya silojizimu ya Aristotle ni mazuri: sentensi mbili zikikubaliwa, ya tatu haiepukiki kwa sababu ya umbo lake. Aristotle alitumia herufi mahali pa maneno, ili umbo lionekane lenyewe: kama A ni ya kila B, na B ni ya kila C, basi A ni ya kila C. Lakini zoezi la 4 linasema: Kila kasisi amesoma falsafa. Neema amesoma falsafa. Kwa hiyo Neema ni kasisi. Jibu la nyuma linasema hoja ni sahihi.

Si sahihi. Njia ya kuipima ni kubaki na umbo na kubadilisha maneno, hadi upate sentensi mbili za kweli na hitimisho la uongo. Kila embe ni tunda. Kila ndizi ni tunda. Kwa hiyo kila ndizi ni embe. Umbo likiweza kukupeleka kutoka ukweli hadi uongo hata mara moja, halifai. Chanzo cha ugonjwa ni neno la kati, yaani lile linalojirudia kwenye sentensi mbili za mwanzo. Hakuna sentensi inayosema lolote juu ya matunda yote, au juu ya watu wote waliosoma falsafa, kwa hiyo hakuna kinachowaunganisha Neema na makasisi. Zoezi la 9 lina kosa lilelile. Mengine kwenye ukurasa huo yako sawa.

Kingine kilichokosekana ni mantiki ya Wastoa, hasa ya Chrysippus, inayofanya kazi na sentensi nzima badala ya maneno. Kama la kwanza, basi la pili. La kwanza lipo. Basi la pili lipo. Kama la kwanza, basi la pili. La pili halipo. Basi la kwanza halipo. Hizi ndizo hoja tunazozitumia kutwa, na makosa yake ndiyo tunayoyafanya kutwa: mvua ikinyesha njia inateleza, njia inateleza, kwa hiyo mvua imenyesha. Huenda kuna bomba limepasuka. Nusu ukurasa ingetosha.

Sababu nne za Aristotle zimeelezwa kwa meza: mbao, umbo, fundi, matumizi. Ni mfano rahisi, lakini unamfanya msomaji adhani kusudi lazima liwe kichwani mwa fundi. Aristotle alivutiwa zaidi na viumbe. Mbegu ya parachichi inaelekea kuwa mparachichi bila fundi kusimama pembeni. Ongeza mfano huo.

Sura ya Epicurus, Wastoa na wenye shaka ni fupi na haina makosa makubwa. Imefanya vyema kutaja Matendo ya Mitume 17, ambapo Paulo anakutana na Waepikureo na Wastoa kule Athens, na kuonyesha kwamba maneno anayonukuu kuhusu binadamu kuwa wazao wa Mungu yanatoka kwa mshairi wa Kigiriki, Aratus.

Baghdad imepewa nusu ukurasa

Hapa ndipo tunapokasirika kweli. Ukurasa wa 104 unasema Waarabu waliyahifadhi maandishi ya Wagiriki hadi Ulaya ilipoyahitaji. Yaani karne nne za kazi ya akili zimefanywa ghala. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, alitafuta nakala kadhaa za kitabu kimoja, akazilinganisha apate andiko lililo sahihi, kisha akatafsiri maana badala ya kufuata neno kwa neno. Al-Kindi alipinga wazo la Aristotle kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliitwa mwalimu wa pili, wa kwanza akiwa Aristotle. Al-Ghazali aliwashambulia wanafalsafa kwa hoja zao wenyewe, naye Ibn Rushd wa Cordoba (1126 hadi 1198) akamjibu. Kupitia tafsiri za Kilatini, nyingi za Toledo kule Hispania, maandishi ya wanafalsafa hao yalifika Paris, na Thomas Aquinas (1225 hadi 1274) anajibizana na Ibn Rushd na Ibn Sina kama watu walioko chumbani. Mwaka 1277 askofu wa Paris alipiga marufuku kauli 219, nyingi zikihusu mafundisho hayo. Frateri asiyejua haya hataelewa Aquinas anabishana na nani.

Ibn Sina (980 hadi 1037) ameeleza mwenyewe kwamba alikisoma kitabu cha Aristotle cha metafizikia mara 40, akakikariri, asikielewe lengo lake, mpaka alipouziwa sokoni kijitabu cha al-Farabi kwa dirhamu 3. Kijitabu hicho kilimwonyesha kitabu kinatafuta nini, na yote yakafunguka. Hicho ndicho kipimo cha haki kwa kitini cha bei nafuu, na sura ya Miletus na ukurasa wa 57 vinakifikia.

Sura ya mwisho, kuhusu athari, inataja demokrasia, sayansi na teolojia kwa sentensi za jumla zisizomfikisha mtu popote. Afrika imetajwa kama mpokeaji tu. Lakini Eratosthenes alizaliwa Cyrene, katika Libya ya leo, na alikadiria mzingo wa dunia kwa vivuli vya Alexandria na visima vya Aswan. Plotinus alisomea falsafa Alexandria, Misri. Augustine alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo, na Plato wa Wakristo wa magharibi alipitia kwake. Na karibu zaidi na sisi, padri Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha mwaka 1956 utafiti uliochukua makundi kumi ambayo Aristotle aliyagawia vitu vyote vilivyopo ukayapima kwa ngeli za Kinyarwanda, akapata manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mzungumzaji wa Kiswahili anayatambua bila kufasiriwa. Wapo waliompinga kwamba sarufi haitoshi kuwa falsafa, na mabishano hayo yangeifaa sana sura ya mwisho ya kitini kinachouzwa Moshi.

Kabla hujalipa

Fungua jedwali la miaka, ukurasa wa 6. Limepangwa kwa kupanda, namba ndogo juu, kwa hiyo Aristotle (322 KK) anaonekana kutangulia kifo cha Socrates (399 KK). Miaka ya KK inahesabiwa kwa kushuka. Ligeuze juu chini kwa kalamu. Ukitaka kujua ni miaka mingapi kutoka 585 KK hadi 2025 BK, jumlisha halafu utoe 1, kwa kuwa hakuna mwaka 0: jibu ni 2,609.

Hesabu kurasa 86 hadi 91. Mashine ya kutoa kopi pande mbili huruka hapo mara kwa mara, na ukurasa wa 88, wenye kanuni za silojizimu, hukosekana au kugeuzwa kichwa chini. Mwambie anayekuhudumia, "Dada, naomba uniangalizie ukurasa wa 71 na wa 88," naye atakuchapia upya kabla ya kubana spairo. Baada ya kubana, steshenari nyingi zinadai shilingi 1,000 za kufungua na kubana tena. Chukua toleo lenye ramani ya Miletus ukurasa wa 10. Toleo lisilo na ramani lina kurasa 112 na mazoezi ya mantiki hayamo kabisa, na bei ni ileile.